Galoni Chini ya Kuku

Kwenye kadi gari la Nchagwa liliandikwa Toyota Spacio, lakini Itiryo nzima walilijua kwa jina la Ng'ombe Sita, kwa sababu ng'ombe sita ndio waliotoka zizini siku lilipoingia uani. Aliwauza mwenyewe, akili zake timamu, mbele ya kaka yake Waitara, naye Waitara, akimwita mura kama Wakurya wanavyomwita kijana wao, alisema neno ambalo Nchagwa hajalisahau mpaka leo.

"Mura, ng'ombe akifa tunakula nyama. Hicho chuma kikifa tutakula nini?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Nchagwa naye alicheka, maana mwanaume hanuni mbele za watu, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Kwa miaka miwili alibeba walimu, wagonjwa, maharusi na magunia ya mahindi, na kila Waitara alipomuuliza, "Ng'ombe wanaendeleaje?" alijibu kwa sauti ya kutosha majirani, "Wamenona!"

Sasa walikuwa wanaumwa, na aliyejua ni yeye peke yake. Gari lilikuwa automatiki. Zamani ukiweka D linaondoka kabla hujamaliza kukaa vizuri. Tangu Novemba, ukiweka D, gari lilifikiri kwanza. Lilifikiri, likafikiri, halafu likaruka kwa kishindo kama ndama aliyekanyagwa mkia. Mlimani injini ilipiga kelele nyingi na mwendo ukawa wa kuombea.

Machage, fundi mwenye gereji pale Matongo, aliwahi kulisikia likipita akamsimamisha barabarani. Akainama, akanusa. "Mura, oili ya giaboksi imeungua. Fungua boneti nichomoe stiki ya kupimia oili nitazame. Tumwage hii, tuweke ya sintetiki."

"Usiguse!" Nchagwa alisema, na akapandisha kioo kabisa.

Hakuwa mjinga, alikuwa mwoga tu, na woga wake ulikuwa na ushahidi. Kuna mtu wa Tarime mjini alibadilisha oili ya giaboksi ya zamani, na wiki haikuisha giaboksi ikafa. Kila kijiwe cha madereva kina habari hiyo, na kila anayeisimulia anamfahamu yule mtu. Giaboksi kuukuu, wanasema, imeshazoea uchafu wake, ukiiosha umeiua. Basi Nchagwa akaamua kuishi na ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Nchagwa alikuwa anamficha hata mke wake.

Ndipo ikaja Jumapili ya ubatizo.

Judith, mdogo wake Everlyne, alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Busawe alikoolewa, na mtoto angebatizwa jina la bibi yake, Adero. Everlyne, mke wa Nchagwa, alitangulia siku tatu kabla kwenda kusaidia mapishi, akaacha amri moja. "Baba Gati, wewe kazi yako ni kumchukua mama kule Sirari na kumfikisha Busawe kabla ibada haijaisha. Adero mdogo hawezi kubatizwa huku Adero mkubwa hayupo."

"Na mtu wa tatu?" Nchagwa aliuliza.

Swali lilikuwa la maana. Wakurya na Wajaluo wanaweza kubishana juu ya mambo mengi, kuanzia mipaka ya mashamba mpaka nani anajua kuchoma nyama, lakini kuhusu mama mkwe hawabishani. Mama mkwe haguswi. Hatazamwi usoni. Hakai faraghani na mkwe wake, na maneno kati yao hupita kwa mtu mwingine. Nchagwa Mkurya na mama mkwe wake Mjaluo, Mama Felistas Adero, walikuwa wameheshimiana hivyo kwa miaka kumi na moja bila kosa hata moja. Mama alikuwa na duka pale Sirari, hilo Nchagwa alilijua. Duka la kuuza nini, hakuwahi kuuliza. Mkwe hachungulii duka la mama mkwe wake.

"Mtu wa tatu ni shangazi yako Waisiko," Everlyne alisema. "Nimeshamwambia."

Alfajiri ya Jumapili shangazi Waisiko alitoka nje kavimba shavu. Jino. Alionyesha kwa mikono kwamba hawezi hata kufungua mdomo, sembuse kusafiri. Nchagwa alisimama uani akijikuna kichwa. Kurudi nyuma haiwezekani, kwenda mbele ni aibu. Akapiga moyo konde akaenda.

Mama Felistas alikuwa amesimama kando ya barabara Sirari, gauni la kanisani, kilemba cheupe, na kapu kubwa miguuni. Ndani ya kapu, juu ya khanga iliyokunjwa, alikaa kuku mwekundu, miguu imefungwa, anaangalia magari kama karani wa ushuru. Mama alitazama kiti cha mbele, akaona hakina mtu. Akatazama saa. Akaguna, akaingia nyuma na kapu lake, akaliweka kando yake. Nchagwa alipanda, akageuza kioo cha ndani kikatazama dari, akaweka D.

Gari likafikiri. Halafu likaruka, na kuku akalia.

Walikwenda kimya mpaka Tarime mjini. Walipoiacha lami ya Tarime, sauti ikatoka nyuma, ya upole kabisa.

"Gweno," alisema mama, maana kuku kwa Kijaluo ni gweno, "hebu muulize dereva kama Everlyne alifika salama."

Nchagwa nusura aingie mtaroni. Akakaza usukani, akafikiri haraka. Halikuwa neno la kumwambia yeye. Alikuwa ameambiwa kuku. Na kuku, ukimtazama vizuri, ni wa tatu.

"Kuku," alijibu, macho barabarani, "mwambie mama alifika salama. Anapika tangu juzi."

"Gweno, mwambie nimeshukuru."

Hivyo ndivyo safari ilivyopata uhai. Mpaka Nyamwaga kuku alikuwa ameshapeleka habari za mvua, za bei ya mahindi ng'ambo kwa Wakenya, na za jino la shangazi Waisiko. Mama alicheka mara mbili. Nchagwa hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akicheka, na aligundua kwamba anapenda kicheko chake.

Kisha vilima vikaanza.

"Gweno," mama alisema baada ya muda, "hii gari ya watu inanukia kama ugali umeungulia kwa sufuria."

"Kuku, mwambie mama ni breki tu."

Kuku hakusema kitu. Mama naye alinyamaza, lakini kwa namna ya mtu aliyeambiwa ng'ombe ametaga yai.

Kwenye kilima cha kabla ya Matongo ndipo uongo wa breki ulipofika mwisho. Nusu ya mlima injini ikanguruma, sindano ya dashibodi ikapanda, na gari likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama. Nchagwa alikanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele kama mkutano wa hadhara, magurudumu hayakusogea hata kidole. Alivuta breki ya mkono, akatoka mbio, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Akafungua mlango wa mama, akaenda hatua kumi pembeni, akampa mgongo ili ashuke kwa heshima yake.

Alipiga simu kwa Everlyne. Iliita mpaka ikakata. Bila shaka ilikuwa imezama chini ya sufuria. Bodaboda mmoja akapita, Nchagwa akamtuma amlete Machage wa Matongo mbio na vifaa vyake, amwambie ni wa Ng'ombe Sita. Bodaboda akaondoka. Wakabaki watatu, yeye, mama na kuku.

Saa ilikuwa tatu. Ibada ya Busawe inaanza saa nne. Nchagwa alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Akilini alimwona Waitara mlangoni mwa zizi. Alikisikia kile kicheko cha watu. Na kwa vile aliyekuwa mbele yake ni kuku peke yake, maneno yakamtoka.

"Kuku," alisema, "mwambie mama si breki. Mwambie nimejua tangu Novemba. Niliambiwa nibadilishe oili nikaogopa. Niliuza ng'ombe sita kwa gari hili, na kaka yangu Waitara kila akiniona ananiuliza wanaendeleaje. Baba yangu aliniachia ng'ombe, mimi nikawageuza chuma, na sasa nimewaua. Mwambie mama nimeogopa, basi."

Upepo ulipita kwenye mahindi ya watu. Mama Felistas alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, na aliposema sauti yake haikuwa na mzaha.

"Gweno, mwambie dereva siku ya Krismasi alipaki kwa mlango yangu. Alipoondoka aliacha tone chini. Jekundu lililogeuka kahawia. Halafu mtu mzima na ndevu zake akalifukia na kiatu, ati mimi nisione."

Nchagwa alikitazama kiatu chake.

"Mwambie mimi nimeuza oili na spea Sirari miaka ishirini. Madereva wa Noah mpaka wa Migori wananijua. Tone nikiliona najua ni la injini ama la giaboksi, na nikilinusa najua limeungua. Sasa, gweno, shuka. Unakalia dawa."

Akamtoa kuku akamweka kwenye majani. Akainua khanga. Chini yake kulikuwa na galoni ya lita nne, mpya, kifuniko hakijaguswa.

Nchagwa alisimama akakodoa macho. Kumbe oili ilikuwa imesafiri nao tangu Sirari, ndani ya gari lililokuwa linakufa kwa kuikosa!

"Mbona..." alianza, akakumbuka. "Kuku, muulize mama, mbona hakusema?"

"Gweno, zawadi ya mkwe hupitia kwa mke wake. Nilikuwa nampelekea Everlyne, Everlyne ampe. Ningempa mimi mkononi, hao Wakurya wangesema Wajaluo hawana adabu." Mama alitazama saa yake, akatazama mlima, akatazama galoni. Alikuwa anapima heshima na ubatizo, na vyote vilikuwa vizito. Mwishowe akabeba galoni, akaiweka katikati ya barabara, akarudi nyuma hatua kumi. "Mimi sijampa mtu kitu. Nimeweka chini. Mtu akiokota, ameokota."

Nchagwa akaiokota kwa mikono miwili.

Machage alifika amepakizwa kwenye bodaboda, boksi la spana mapajani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi."

Wakaliachia gari likarudi kinyumenyume polepole mpaka chini ya mlima penye tambarare, Nchagwa usukani, Machage akielekeza kwa mikono. Machage alifungua boneti, akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Ilikuwa kavu, isipokuwa ncha, nayo ilikuwa nyeusi. Akaingia chini ya gari, akatazama bolti ya kumwagia na washa yake, kile kipete cha kuzuia oili isivuje. Ilikuwa imekwisha kabisa. "Hapa ndipo ilikuwa inavujia. Kidogo kidogo, kila siku. Iliyobaki ikafanya kazi ya yote, ikaungua. Mura, mwezi ule ungeniacha nichomoe stiki tu!"

"Na yule wa Tarime aliyebadilisha ikafa?"

"Yule ninamjua kweli, mimi ndiye niliyeifungua baadaye. Giaboksi ilikuwa imeshakufa. Oili mpya haikuua mtu, ilikuta matanga." Machage akapangusa mikono. "Sasa sikudanganyi. Kama klachi za ndani zimekwisha, hata ukiweka oili ya mbinguni haitapanda. Kama hazijaisha, itapanda. Mimi sioni ndani ya chuma. Ukikataa nisiiguse, ninaweza kuomba gari lingine liwafikishe, na hili tukalivuta."

Nchagwa alitazama galoni. Alitazama gari. Kuvutwa kupita Tarime mpaka Itiryo, mchana wa Jumapili, watu wakitoka makanisani.

"Kuku," alisema taratibu, "muulize mama, yeye angefanya nini?"

Machage aliduwaa. "Mama yuko hapo, mura. Na mimi nipo. Kuku anatoka wapi?"

"Fundi, wewe ongea na chuma," mama alisema. "Ya mkwe wangu anayajua gweno. Gweno, mwambie ng'ombe akiumwa na mtu akaogopa dawa, ng'ombe hafi kwa dawa. Anakufa kwa woga wa mtu."

Nchagwa alimgeukia fundi. "Fungua," alimwambia Machage.

Machage alivaa miwani, akasoma herufi zilizochongwa kwenye stiki, akazitafuta kwenye galoni. Zilikuwepo, herufi kwa herufi. Akamkubalia mama kwa kichwa. Hiyo ndiyo inayofaa, alisema, na kwa kuwa ni sintetiki inavumilia moto wa vilima hivi kuliko ile ya kawaida. Akalegeza bolti. Oili ya zamani ikatiririka kwenye beseni, nyeusi, nyembamba, na harufu ya ugali ulioungua ikawajaa puani. Haikufika hata lita mbili.

"Basi tupime hiyo iliyotoka, tuweke kiasi hichohicho," Nchagwa alisema, akijaribu kuonekana mwenye maarifa.

"Gweno! Mwambie ng'ombe hapimwi maziwa kwa siku aliyougua."

Machage alicheka mpaka akakaa chini. Akaweka washa mpya, akakaza bolti, akaanza kumimina kwa faneli penye tundu la stiki. Oili mpya ilikuwa nyekundu safi, inang'aa juani. Alimimina, akangoja, akamimina. Akamwambia Nchagwa awashe, akanyage breki, apitishe gia zote polepole, P mpaka L na kurudi, mara tatu. Injini ikiwa inanguruma na imepata moto, akapima tena kwa stiki, akaongeza kidogo, akapima, akakataa kuongeza hata tone. Ikizidi inatoka povu, alisema, na povu halisukumi gari. Kwenye galoni ilibaki kama kikombe cha chai.

"Nyingine ya zamani imejificha ndani, haitoki yote siku moja. Baada ya wiki mbili uje tumwage tena," Machage alisema. "Malipo tutaongea ukirudi. Sasa panda. Mimi nakaa hapa chini nasikiliza."

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama aliingia nyuma, kuku kwenye kapu. Nchagwa alishika gia. Akaweka D.

Gari halikufikiri. Liliingia gia kimya, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nchagwa akaachia breki, likaondoka. Akaanza mlima. Akapita mahali penye jiwe lake. Injini ilivuta bila kelele, mwendo haukukata, na mahindi ya pembeni yakaanza kurudi nyuma kwa haraka. Walipofika juu, walimsikia Machage huko chini akipiga mluzi wa kuswagia ng'ombe.

Nchagwa alilia. Hakutaka, lakini alilia, machozi mawili matatu, na alishukuru kwamba kioo kinatazama dari.

Walipita Matongo, wakavuka Mto Mara, wakaingia Busawe vumbi likiwafuata. Mchungaji alikuwa ameusogeza ubatizo mpaka mwisho wa ibada, kwaya ikaongeza wimbo mmoja, kisha mwingine, na mama Felistas aliingia kanisani mwanakwaya wa sauti ya kwanza akiwa amebakiza pumzi kidogo sana. Adero mkubwa alimshika Adero mdogo, na Adero mdogo alipomwagiwa maji alipiga kelele zikamfurahisha kila mtu.

Nyumbani kwa Judith palikuwa na pilau, nyama na soda. Everlyne alimfuata kuku na kisu. Nchagwa alimwona kwa mbali akaruka viti viwili.

"Huyo hachinjwi!"

"Baba Gati, mama kamleta achinjwe kwa ajili yako, wewe mkwe."

"Huyo ni ndugu," Nchagwa alisema, na hakueleza zaidi.

Jioni, mbele ya wageni wote, mama Felistas alimwita Everlyne akampa kitu kilichofungwa kwenye khanga. "Mwanangu, hii zawadi mpe mumeo." Everlyne akapiga goti, akampelekea mumewe. Nchagwa aliinuka akaipokea kwa mikono miwili, akafungua. Galoni tupu, na kikombe cha oili chini. Wageni walitazamana. Nchagwa aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa fahali, akashukuru kupitia kwa mke wake, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Adabu ilikuwa imetimia.

Kesho yake walirudi wanne, maana Everlyne alikaa mbele na kuku alikuwa kwenye kapu lake. Sasa mtu wa tatu alikuwepo, mzima, wa kutumwa maneno yote. Waliipita gereji ya Machage, wakafika kwenye kilima cha Matongo, safari hii wakiteremka. Wakaanza kupanda kilima kinachofuata. Gari lilikuwa linakwenda laini, hata Everlyne akasinzia. Simu ya Nchagwa ikalia kwenye dashibodi. Jina la Waitara likawaka kwenye kioo, na Nchagwa akaiacha iite kwanza.

"Gweno," sauti ilisema kutoka nyuma.

Everlyne akazinduka. "Mama, si mimi nipo? Kuku wa nini tena?"

"Wewe nyamaza, hukuwepo kilimani." Mama Felistas alimshika kuku mgongoni. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amemwita Nchagwa mkwe, au baba Gati, na jana kutwa dereva. "Gweno, mwambie mwanangu apokee hiyo simu. Amwambie kaka yake ng'ombe wote sita ni wazima."